Habari za Jemadari Wolfgang Pickert

Katika bweni letu, vita kuu ya pili ikitajwa, ubishi ni juu ya Rommel na Montgomery tu. Leo napenda kuwaletea wasomaji, wa sasa na wa zamani, habari za jemadari mwingine ambaye hakupata ushindi wo wote mkubwa, lakini kisa chake kilinikosesha usingizi.

Wolfgang Pickert alizaliwa tarehe 3 Februari 1897 katika mji wa Posen, ambao siku zile ulikuwa wa Ujerumani na sasa ni wa Poland. Mwaka 1914 aliingia jeshini, katika askari wa mizinga. Hitler alipounda upya jeshi la ndege, Pickert akahamia huko, maana kwa Wajerumani mizinga ya kupigia ndege ilikuwa chini ya jeshi la ndege, si la nchi kavu. Uliosifiwa sana ni ule wa milimita 88. Uliangusha ndege zilizo juu sana, na ukilazwa ulitoboa kifaru.

Mwaka 1942 alipewa Divisheni ya 9 ya mizinga hiyo, akafuatana na Jeshi la Sita la Jemadari Paulus mpaka Stalingrad, kando ya mto Volga. Wala Warusi hawakuwaalika. Tarehe 19 Novemba Warusi wakashambulia kutoka kaskazini, kesho yake kutoka kusini, na kwa siku chache watu wasiopungua laki mbili na nusu wakawa wamezingirwa.

Tarehe 22 wakubwa walikutana Nizhne-Chirskaya. Schmidt, msaidizi mkuu wa Paulus, alimwuliza Pickert angefanya nini. Akajibu kwamba angelitoa jeshi upesi kuelekea kusini magharibi. Schmidt akapinga: petroli haitoshi, na majeruhi pamoja na mizinga mizito vitaachwa nyuma. Pickert akasema kuwa mizinga yake midogo ya milimita 20 watu wataikokota kwa mikono, na risasi watazichukua mabegani. Ama kulilisha jeshi zima kwa ndege wakati wa baridi ya Urusi, yeye aliona haiwezekani.

Hitler akaamuru jeshi lisitoke, kwa kuwa Göring alikuwa ameahidi kwamba ndege zitatosha. Basi yule yule aliyesema haiwezekani ndiye aliyekabidhiwa kazi ya kupokea shehena humo ndani, katika kiwanja cha Pitomnik. Akaifanya. Mizinga yake ililinda kiwanja, magunia na mapipa yakapakuliwa, na majeruhi wakapakiwa katika ndege zinazorudi. Jeshi lilihitaji tani 500 kila siku. Kwa wastani zilifika kama 100 tu, na siku za ukungu hazikufika hata hizo. Askari wakala farasi wao, kisha wengi wakafa kwa njaa na baridi. Januari hiyo Pickert akapewa nishani kubwa ya Msalaba wa Chuma. Sijui aliivaaje mbele ya watu wale.

Katikati ya Januari 1943 alipelekwa nje kwa ndege ili aeleze hali ilivyo. Alipojaribu kurudi, ndege ilizunguka juu ya Pitomnik ikashindwa kutua, na kiwanja kikatekwa. Wenzangu niliowasimulia wamesema kwamba alikimbia. Mimi sikubali, maana alipanda ndege ya kurudi. Lakini ni kweli pia kwamba askari wake hawakuwa na ndege ya kupanda. Mabaki yao yalijisalimisha tarehe 2 Februari. Waliotekwa ni kama 91,000, na walioiona tena Ujerumani ni kama 6,000 tu.

Divisheni yake iliundwa upya kwa watu wengine. Akaiongoza huko Kuban na Krimu, mpaka Wajerumani walipofukuzwa Sevastopol Mei 1944. Ikawa mara ya pili kulinda mahali palipozingirwa. Mwaka huo huo akaongoza mizinga ya kupigia ndege huko Normandy, Ufaransa, wakibishana daima kama ipige ndege au vifaru.

Mwaka 1955 alitoa kitabu juu ya vita vya Kuban na Sevastopol. Alikufa mwaka 1984 katika mji wa Weinheim, mwenye umri wa miaka 87.