Olmsted: Mpanda bustani aliyewapa wanyonge kivuli mjini

WATU wengi waingiapo katika bustani ya Central Park jijini New York, Marekani, hudhani kwamba wameona kipande cha msitu wa kale kilichosazwa wakati jiji lilipokuwa likipanuka. Sivyo. Maziwa yake yalichimbwa, miamba ikapasuliwa kwa baruti na miti ikapandwa kwa maelfu, kwa mpango wa mtu asiyekuwa na shahada yoyote ya ufundi huo. Mtu huyo ni Frederick Law Olmsted.

Olmsted alizaliwa Aprili 26, 1822 mjini Hartford, katika jimbo la Connecticut. Mama yake alifariki dunia yeye angali mtoto mdogo. Maradhi ya macho yalimkatiza masomo ujanani. Mwaka 1843 alikwenda China akiwa baharia, kisha akawa mkulima, na baadaye mwandishi wa magazeti aliyezunguka majimbo ya Kusini akieleza jinsi utumwa ulivyodhuru hata uchumi wa wale walioutetea.

Safari iliyombadilisha ni ya mwaka 1850, alipozuru Uingereza. Ng'ambo ya mto kutoka Liverpool aliiona bustani ya Birkenhead, iliyofunguliwa mwaka 1847 kwa fedha za umma. Humo tajiri na fukara walitembea njia moja. Alirejea kwao akiamini kuwa kivuli cha mti ni haki ya kila mkazi wa mji.

Mwaka 1857 aliteuliwa kuwa msimamizi wa kazi za Central Park. Mwaka uliofuata, yeye na msanifu majengo Calvert Vaux walishinda shindano la kuchora ramani ya bustani hiyo, yenye ukubwa wa takriban hekta 340. Barabara nne za kukatiza walizishusha chini ya usawa wa ardhi, ili magari ya farasi yapite bila kumsumbua aliyekuja kupumzika.

Hata hivyo, historia haina budi kuelezwa yote. Ndani ya eneo hilo palikuwa na mtaa ulioitwa Seneca Village, ulioanzishwa mwaka 1825 na Wamarekani Weusi walionunua viwanja vyao wenyewe. Ulikuwa na makanisa, shule na wakazi wapatao 225. Kumiliki ardhi hakukuwa jambo dogo, kwani wakati huo mwanamume mweusi jimboni humo hakuruhusiwa kupiga kura bila kuwa na mali ya thamani ya dola 250. Serikali iliitwaa ardhi hiyo kwa sheria, ikalipa fidia, na kufikia mwishoni mwa mwaka 1857 wakazi wote walikuwa wameondolewa. Uamuzi haukuwa wa Olmsted, lakini bustani yake ilikalia misingi ya nyumba zao. Wanaakiolojia waliifukua mwaka 2011.

Kuanzia mwaka 1866, Olmsted na Vaux walijenga Prospect Park, Brooklyn. Humo mwaka 1872 ulipandwa mti mfupi wa aina ya elmu, wenye matawi yaliyopinda hadi karibu na ardhi, ujulikanao kwa jina la Camperdown. Katika miaka ya 1960 ulikuwa umeoza nusu ya kufa, ndipo wananchi walipochanga fedha kuuokoa. Ungali hai.

Olmsted mwenyewe hakuthaminiwa hivyo daima. Aligombana na wanasiasa mara nyingi, na mwaka 1878 wakuu wa jiji la New York walimwondoa kazini. Alihamia jimbo la Massachusetts, akaendelea na kazi Boston na Chicago hadi kumbukumbu ilipoanza kumpotea. Alifariki Agosti 28, 1903 katika hospitali ya McLean, ambayo aliwahi kuishauri kuhusu mpangilio wa viwanja vyake.

Maisha yake yanawaachia wapangaji wa miji masomo mawili. Mji usio na bustani huwanyima wanyonge pumzi. Na kabla ya kuchora bustani, ni wajibu kwanza kuuliza ni nani anayeishi pale.