WILHELM MAYBACH: YATIMA ALIYEIFUNDISHA INJINI KUPUMUA

Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Wasomaji wapenzi, mwulize mwanafunzi yeyote ni nani aliyeanzisha gari la petroli, naye atakutajia Benz au Daimler bila kupepesa jicho. Sasa mwulize ni nani aliyeipa injini ya gari hilo kabureta ya kutegemewa. Hapo atabaki akikuna kichwa! Basi leo tumpe haki yake Wilhelm Maybach, Mjerumani aliyefariki zamani lakini kazi yake ingali inanguruma hadi leo.

Maybach alizaliwa tarehe 9 Februari 1846 mjini Heilbronn, kusini mwa Ujerumani. Babake alikuwa seremala. Malezi ya wazazi hakuyafaidi sana, kwa maana mamake aliaga dunia mwaka 1854, na miaka miwili baadaye babake naye akafa. Akiwa na umri wa miaka kumi tu, Wilhelm na ndugu zake wakawa mayatima. Watu walioifahamu familia hiyo walitangaza gazetini wakiwaombea watoto msaada. Mhubiri mmoja, Gustav Werner, aliyekuwa na makao ya watoto mjini Reutlingen, akampokea Wilhelm.

Makao hayo hayakuwa ya kula na kulala tu. Yalikuwa na kiwanda cha mitambo, na humo kijana akajifunza kazi ya kuchora michoro ya mashine. Katika miaka ya 1860 akaja msimamizi mpya wa kiwanda, Gottlieb Daimler, aliyemzidi Maybach kwa karibu miaka 12. Daimler aliona mara moja kwamba kijana huyu si wa mchezo. Tangu hapo wakawa chanda na pete. Daimler alipohamia Karlsruhe, Maybach alimfuata. Alipokwenda Deutz, karibu na Köln, mwaka 1872, Maybach alimfuata tena. Huko ndiko kampuni ya Nikolaus Otto ilikotengeneza injini ya mipigo minne mwaka 1876, na Maybach ndiye aliyeirekebisha mpaka ikawa tayari kutengenezwa kwa wingi na kuuzwa.

Mwaka 1882 Daimler alikosana na wakubwa wa Deutz, akaenda zake Cannstatt, karibu na Stuttgart. Maybach naye huyo! Karakana yao ilikuwa kibanda cha kioo cha kuoteshea maua, nyuma ya nyumba ya Daimler. Walifanya kazi kwa siri, usiku na mchana, hata wakashukiwa kwamba wanachapisha pesa bandia. Polisi walipoingia kupekua, lo! Hawakukuta ila vifaa na injini. Mwaka 1885 walifaulu kutengeneza injini ndogo, nyepesi, ya kasi. Waliifunga kwenye chombo cha mbao cha magurudumu mawili, na mwaka 1886 wakaifunga kwenye gari la farasi. Farasi hakuhitajika tena.

Lakini kulikuwa na tatizo sugu, nalo lilikuwa kabureta. Petroli peke yake haiendeshi injini. Ni lazima ichanganyike na hewa kwa kipimo kinachofaa ndipo ilipuke ndani ya silinda. Kabureta za wakati huo zilipitisha hewa juu ya petroli au ndani yake, ili ibebe mvuke. Kumbe sehemu nyepesi za petroli ndizo zilizotangulia kugeuka mvuke, na zile nzito zikabaki chini. Kadiri safari ilivyoendelea, ndivyo mchanganyiko ulivyozidi kubadilika. Barabara mbovu ikitikisa gari, mafuta nayo yanacheza ndani ya chombo, na injini inapoteza mwendo.

Mwaka 1890 kampuni ya Daimler iliundwa kwa pesa za matajiri. Maybach alipewa mkataba asioweza kuukubali, akaondoka mwaka 1891. Hebu fikiria, mtu amejenga nyumba kwa mikono yake, kisha anaambiwa hana chumba ndani yake! Hata hivyo, Daimler hakumtupa rafiki yake. Alimpa pesa, na Maybach akaendelea na majaribio yake katika jengo la Hotel Hermann, papo hapo Cannstatt.

Huko ndiko, mwaka 1893, alikoiondoa kabureta ya zamani na kuweka nyingine ya namna mpya kabisa. Kwanza, alitenga chumba kidogo cha petroli na kuweka boya ndani yake. Petroli ikipungua, boya linashuka na mlango wa mafuta unafunguka. Ikijaa, boya linapanda na kuufunga. Kwa njia hiyo kimo cha petroli hakibadiliki. Pili, kutoka chumba hicho petroli ilipelekwa kwenye mdomo mwembamba uliosimama katikati ya njia ya hewa. Pistoni inaposhuka, injini huvuta hewa. Hewa hiyo ikipita kwa kasi kwenye mdomo, inaifyonza petroli nayo inatoka kama manyunyu. Injini ikivuta hewa nyingi, petroli nayo inatoka kwa wingi. Ikivuta kidogo, inapungua. Mwaka huo huo wa 1893, Wahungari wawili, Donát Bánki na János Csonka, walikuwa wamefikia wazo kama hilo mjini Budapest bila kushirikiana naye. Wazo likiiva, halichagui shamba moja.

Mwaka 1895 kampuni iliwahitaji tena, na wote wawili wakarudi. Daimler alifariki mwezi wa Machi 1900. Kabla ya mwaka huo kwisha, Maybach akakamilisha gari jipya la nguvu za farasi 35, lenye silinda nne na kabureta mbili. Mwaka 1901 lilitia fora katika mashindano ya Nice, Ufaransa, hata Wafaransa wakampa Maybach cheo cha mfalme wa wabunifu. Na gari hilo liliitwaje? Mercedes, jina la binti ya Emil Jellinek, mfanyabiashara aliyeliagiza. Jina la fundi halikuwamo.

Mwaka 1907 Maybach aliondoka tena kampuni hiyo, na safari hii hakurudi. Hakukaa kitako kulia. Mwaka 1909 yeye na mwanawe Karl walishirikiana na Zeppelin kuanzisha kampuni ya injini za ndege-puto. Aliaga dunia tarehe 29 Desemba 1929, akiwa na umri wa miaka 83, akazikwa Cannstatt katika makaburi yale yale alimozikwa Daimler.

Magari mapya ya leo hayana kabureta. Mafuta hupulizwa kwa mitambo inayoongozwa na kompyuta. Lakini tazama magari ya zamani yanayokimbia kwenye mashindano ya East African Safari Classic, yaliyoanzishwa mwaka 2003. Fundi anayefunga kabureta nyingine kwenye injini kama hizo hana budi kufuata sheria za Maybach. Husafisha mahali inapokaa, huweka gasketi mpya, na hukaza nati kidogo kidogo kwa zamu, maana hewa ikipenya ubavuni mchanganyiko unaharibika. Kisha huangalia kimo cha boya, huacha injini ipate joto, ndipo anarekebisha skrubu huku ametega sikio. Tena gari lililorekebishwa Mombasa likipanda Nairobi, yapata mita 1,700 juu ya bahari, hewa huwa nyepesi, petroli inazidi kipimo na moshi mweusi unatoka. Hapo fundi hubadilisha jeti, kile kitundu cha petroli, aweke nyembamba zaidi.

Wenzangu, wengi wetu tunasoma kwa shida, na wengine hawana baba wala mama. Maybach alianza hivyo hivyo, kwa penseli na rula katika makao ya mayatima. Heshima ilipokwenda kwa wengine, yeye alirudi kwenye meza yake ya kuchorea. Majina yaliyoandikwa kwenye gari yalikuwa ya watu wengine, lakini pumzi ya injini ilikuwa yake.