Mwami Msiri, yule aliyekataa kutia sahihi

Kijana akitaka kuandika riwaya juu ya mbio za madini kwetu Katanga, wengi watamwambia aanzie Ruwe, hapa karibu na Kolwezi, pale Waingereza wa Tanganyika Concessions walipochimba dhahabu mwanzo wa karne ya 20. Hapana, aanzie Bunkeya, kwa Mwami Msiri.

Msiri hakuzaliwa huku. Jina lake lilikuwa Ngelengwa, mtoto wa Kalasa, mu inchi tunayoiita leo Tanzania. Baba yake alikuwa anakuja Katanga kununua mukuba. Mtoto alifuata njia ile ile, lakini yeye alibakia. Kwa bunduki na kwa ndoa nyingi alishinda wakubwa wa inchi mmoja mmoja, akajenga Bunkeya. Misafara yake ilifika bahari zote mbili, ya Zanzibar na ya Benguela, na mukuba, chumvi, meno ya tembo, na watumwa pia.

Ule mukuba ulitoka mikononi mwa watu. Kiangazi walichimba mawe ya kijani, wakayayeyusha na makala mu tanuru za udongo wa kichuguu, wakatengeneza misalaba. Kisha walipaswa kulipa kodi kwa Mwami. Juu ya mizigo ile na ukali wake, Basanga waliasi mu 1891, na njaa ikaingia Bunkeya.

Bazungu nao walikuwa wamesikia habari za utajiri. Mu Novemba 1890 Alfred Sharpe alikuja kwa ajili ya Waingereza; Msiri akakataa mkataba wake. Mu 1891 wakafika watu wa Léopold II: Le Marinel, kisha Delcommune, na mwisho, mu Desemba, kapteni Stairs. Msiri alitaka baruti. Bendera yao hakuitaka. Stairs akaipandisha bila ruhusa yake.

Tarehe 20 Desemba 1891, kapteni Bodson alimpiga Msiri risasi. Bodson naye alipigwa palepale, akafa. Wayeke wanasimulia kwamba kichwa cha Mwami kilikatwa na hakikurudi. Mtoto wake, Mukanda-Bantu, akakubali ile bendera.

Mwaka uliofuata, Jules Cornet alikuja kupima mawe. Mu 1906 Union Minière ikaundwa, na miaka sitini nyuma yake, Gécamines.

Mwandishi asimfanye Msiri malaika, juu wengi walilia chini yake. Asimsahau pia, juu yeye njo alisema hapana wakati wengine walikuwa wanatia sahihi. Lakini riwaya yenyewe aitafute kwa wale ambao hakuna karatasi iliyoandika majina yao: waliochimba, waliopuliza moto, waliobeba misalaba. Kule karieri, kila mtu anajua swali lao: mwenye inchi ni nani, na ni nani anabeba gunia?