Spicer-Simson, nahodha aliyevusha boti milimani na kuliteka Ziwa Tanganyika

JINA la Geoffrey Basil Spicer-Simson halitajwi sana siku hizi katika fuo za Ziwa Tanganyika, ilhali ndiye aliyegeuza hatima ya ziwa hilo mwishoni mwa mwaka 1915. Hakuja na manowari. Alikuja na boti mbili za mbao, kila moja ikiwa na urefu wa futi 40, injini mbili za petroli na rafadha mbili, yaani mapangaboi ya chini ya maji yanayosukuma chombo.

Alizaliwa Januari 1876 katika mji wa Hobart, kisiwani Tasmania, na akaingia katika jeshi la majini la Uingereza angali kijana. Kwa miaka mingi nyota yake haikung'aa. Alipima mito nchini China na baadaye Gambia, wenzake wakipandishwa vyeo naye akibaki nyuma. Alikuwa mtu wa majigambo, mwenye kusimulia mambo ambayo wasikilizaji hawakuyasadiki. Novemba 1914 meli ya Niger, iliyokuwa chini ya uangalizi wake, ilizamishwa na Wajerumani karibu na mji wa Deal yeye mwenyewe akiwa nchi kavu. Baada ya hapo alipewa meza na karatasi jijini London.

Wakati huo Wajerumani ndio waliotamba katika Ziwa Tanganyika. Agosti 1914 meli yao Hedwig von Wissmann iliishambulia na kuilemaza meli ya Wabelgiji, na tangu hapo askari wao walivuka ziwa na kushambulia watakapo. Aprili 1915 mwindaji wa tembo aitwaye John Lee alifika London na shauri moja: meli za Wajerumani ziwani ni nzito na za polepole, basi zitafutwe boti ndogo za kasi, zisafirishwe kwa reli na barabara kutoka Afrika Kusini hadi ziwani. Wakuu walilikubali shauri hilo. Maofisa wenye sifa walikuwa vitani kwingine, na kazi ikamwangukia Spicer-Simson.

Boti zilipatikana katika karakana ya kampuni ya Thornycroft kando ya Mto Thames. Zilikuwa nyepesi, na zilikusudiwa kukimbia maili 19 za bahari kwa saa. Alizipa majina Mimi na Toutou, maneno ya watoto wa Kifaransa kwa mlio wa paka na wa mbwa. Msemaji wa Kiswahili akisikia chombo kikiitwa Mimi hufikiri nahodha alijisifu, na kwa tabia ya mtu huyu dhana hiyo isingekuwa mbali sana na ukweli.

Katika uteuzi huo ndipo penye siri ya safari nzima. Mapanga ya rafadha yakiwa na mwinamo mkubwa, kila mzunguko hukisogeza chombo mbele sana, lakini sharti chombo kiwe chepesi. Mwinamo ukiwa mdogo, chombo huenda taratibu ila hustahimili mzigo bila injini kuhema. Mkazi wa Kinoru, mjini Meru, aliye mbali na bahari na maziwa makuu, anaweza kulifikiria jambo hilo akiwa Masinga au Kiambere: boti nyembamba ya mtu mmoja na chelezo pana chenye abiria kumi haviwezi kutumia rafadha ya namna moja, hata vikifungwa injini ileile. Rafadha tena haipendi maji mafupi, kwa kuwa huning'inia chini ya chombo na kugonga mchanga. Ndiyo sababu kampuni ya IBEA, ilipopandisha meli ndogo iitwayo Kenia katika Mto Tana mwaka 1891, ilitumia meli ya gurudumu la nyuma. Spicer-Simson alikuwa amechagua vyombo vya rafadha vya kasi kwa ajili ya ziwa lenye kina kirefu. Hilo lilikuwa sahihi kabisa. Taabu ni kwamba kabla ya ziwa palikuwa na mlima na mto.

Boti ziliondoka Uingereza Juni 1915, zikafika Cape Town mwanzoni mwa Julai, kisha zikapakiwa garimoshi hadi Fungurume, nchini Kongo. Kutoka hapo hapakuwa na reli. Kwa kiasi cha kilomita 240 zilikokotwa na matrekta ya mvuke na makumi ya maksai kupitia milima ya Mitumba. Wananchi wa Kongo walikata miti, wakajenga madaraja zaidi ya 100 na kubeba maji vichwani ili mitambo isikauke. Vitabu vingi vilivyoandikwa baadaye vinawajua Waingereza wale 28 kwa majina, na hawa mamia kwa idadi tu, tena ya kukadiria. Vita hivyohivyo ndivyo vilivyowachukua vijana wa Meru na Embu kuwa wapagazi wa jeshi, lile kundi lililoachia mitaa ya Kariakor jijini Nairobi na Kariakoo jijini Dar es Salaam majina yake.

Mwishoni mwa Septemba walifika Mto Lualaba, nao ulikuwa umepungua maji kwa kiangazi. Boti zilifungiwa mapipa matupu ili zielee juu zaidi na rafadha zisiguse chini. Vyombo vilivyoundwa kukimbia vikageuzwa vyelezo, na bado vilikwama mchangani mara nyingi. Oktoba walifika ziwani, mahali paitwapo leo Kalemie.

Asubuhi ya Desemba 26, 1915, meli ya Kijerumani Kingani ilikaribia kuchungulia. Mzinga wake ulielekea mbele tu. Mimi na Toutou ziliizunguka na kuifuata kwa nyuma. Hazikuwa tena na ile kasi ya mtoni Thames, maana mizinga na risasi vilikuwa vimezilemea, lakini zilimshinda adui mbio. Baada ya dakika chache nahodha wa Kingani aliuawa pamoja na baadhi ya watu wake, na meli ikatekwa. Spicer-Simson aliipa jina Fifi na kuifunga mzinga mkubwa zaidi.

Februari 9, 1916, ikaja zamu ya Hedwig. Nahodha mwenyewe alipanda Fifi, ambayo ilikuwa nzito kiasi kwamba kila alipofyatua mzinga ilikaribia kusimama, na adui akazidi kwenda zake. Ikabidi Mimi itangulie. Iliichokoza Hedwig kwa nyuma na kuilazimisha igeuke mara kwa mara ili ijibu, ikapoteza mwendo, hata Fifi ikafika na kuizamisha ikiwa imebakiwa na makombora machache sana. Aliyesifiwa ni aliyekuwa Fifi. Kazi ilifanywa na rafadha za Mimi.

Sifa zilimlevya. Alivaa sketi ya kitambaa kiunoni, akaoga hadharani mbele ya wanakijiji waje watazame michoro iliyojaa mwilini mwake, na Waholoholo wakamwita Bwana Chifunga-Tumbo. Meli kubwa ya Kijerumani, Graf von Goetzen, ilipojitokeza, alikataa kuishambulia. Huenda alikuwa na haki, kwa kuwa boti ya mbao haishindani na mzinga wa manowari. Ila Juni 1916, mbele ya ngome ya Bismarckburg, Kasanga ya leo, alikaa mbali akihofia mizinga yake, na Wajerumani wakatoroka usiku kwa mitumbwi. Baadaye iligunduliwa kuwa mizinga ile ilikuwa ya magogo. Kabla ya mwaka kwisha alirudishwa kwao akiwa mgonjwa. Alipewa nishani ya DSO, lakini hakupewa tena chombo cha kuongoza.

Goetzen ilizamishwa na Wajerumani wenyewe karibu na Kigoma Julai 1916, injini zikiwa zimepakwa grisi. Iliibuliwa baada ya vita, ikaitwa Liemba na kuwachukua abiria kwa miongo mingi.

Spicer-Simson alifanya kazi Monaco katika ofisi ya kimataifa ya upimaji wa bahari kuanzia mwaka 1921 hadi 1937, kisha akahamia Kanada, alikofariki Januari 1947. Miaka minne baadaye ilitoka filamu ya The African Queen, iliyotokana na riwaya ya C.S. Forester ya mwaka 1935, na ambayo sehemu yake ilipigwa Uganda na Kongo. Vita vya ziwa hilo ndivyo vilivyoizaa hadithi yake, ingawa nahodha wa sketi hamo. Waliomo ni mwanamume, mwanamke na boti kuukuu ambayo rafadha yake inavunjika kwenye mawe ya mto, nao wanaitengeneza kwa moto wa kuni ufukoni.