Pio Gama Pinto: Mwanamapinduzi aliyelala City Park

WENGI wanaotembelea bustani ya City Park, mtaani Parklands jijini Nairobi, huenda kuwatazama tumbili na kupunga upepo chini ya miti. Ni wachache wanaofika makaburini, alikozikwa Pio Gama Pinto, mwanasiasa wa kwanza mashuhuri kuuawa nchini baada ya uhuru.

Pinto alizaliwa Nairobi Machi 31, 1927. Wazazi wake walikuwa na asili ya Goa, eneo la India lililokuwa likitawaliwa na Wareno. Alipelekwa India kusoma angali mtoto, na huko akajiunga na vijana waliotaka Mreno afunge virago. Alipohofia kukamatwa, alirejea Kenya mwaka wa 1949.

Aliikuta nchi ikitokota. Akajitosa katika vyama vya wafanyakazi na siasa za Wahindi, akahariri gazeti la Daily Chronicle, na hali ya hatari ilipotangazwa Oktoba 1952 hakujificha nyuma ya rangi yake. Aliwatafutia mawakili Waafrika walioshtakiwa kwa kuhusika na Mau Mau na kuwasaidia kisirisiri wapiganaji wa msituni.

Serikali ya kikoloni haikukawia. Januari 1954 alimuoa Emma Dias. Miezi mitano baadaye alikuwa kizuizini. Alifungiwa kisiwani Manda, karibu na Lamu, kisha akawekewa vikwazo Kabarnet hadi 1959. Bibi harusi alibaki na barua tu.

Alipoachiliwa hakupumzika. Mwaka wa 1960 alishiriki kuunda Kenya Freedom Party, chama cha Wahindi waliounga mkono uhuru, na baadaye akaanzisha kampuni ya Pan African Press, iliyochapisha Sauti ya Mwafrika. Sisi tunaokula jasho la magazeti ya Kiswahili tuna deni kwake, ingawa ni nadra jina lake kutajwa katika vyumba vyetu vya habari.

Julai 1964 aliingia Bungeni. Kufikia hapo uhuru ulikuwa umeanza kuwagawa waliouleta. Pinto, mshirika wa karibu wa Makamu wa Rais Jaramogi Oginga Odinga, alitaka ardhi iliyoachwa na walowezi iwafikie maskini na waliopigana msituni, isigeuzwe bidhaa ya wenye pesa na vyeo. Msimamo huo ulimweka ana kwa ana na vigogo wa serikali ya Mzee Jomo Kenyatta.

Mwishoni mwa Februari 1965, siku chache tu baada ya rafiki yake Malcolm X kuuawa New York, Pinto alipigwa risasi garini kwenye lango la nyumba yake Westlands. Binti yake mdogo alikuwa kiti cha nyuma. Pinto alikuwa na umri wa miaka 37.

Kisilu Mutua alihukumiwa kunyongwa, adhabu ikabadilishwa kuwa kifungo cha maisha. Alitoka gerezani 2001, akishikilia hadi mwisho kwamba hakuua. Waliotuma wauaji hawajawahi kusimama kizimbani. Emma na binti zake watatu walihamia Canada.

Mwaka wa 2008 picha ya Pinto iliwekwa kwenye stempu za mashujaa wa Kenya. Lakini bustani anamolala mtu aliyepinga ulafi wa ardhi imekuwa ikimegwa na wanyakuzi wa ardhi, kipande baada ya kipande.

Yupo mmoja ambaye hakumsahau. Joseph Murumbi, mwana wa baba Mgoa na mama Mmaasai, alikuwa Makamu wa Rais kwa miezi michache tu mwaka wa 1966, kisha akajiuzulu. Wengi wanaamini kuwa kuuawa kwa Pinto kulimvunja moyo. Murumbi alitaka azikwe karibu na rafiki yake, na alipofariki Juni 1990 akalazwa City Park. Mkewe, Sheila, naye amezikwa papo hapo.