Ibn Battuta Katika Ukumbi wa Mafundi

Sisi watu wa Mombasa tukimtaja Ibn Battuta, aghalabu twajivunia ule usiku mmoja aliolala kwetu mwaka 1331, akaisifu misikiti yetu ya mbao, kisha akashika njia ya Kilwa. Mimi nimevutiwa zaidi na usiku wake mwingine, wa Antalya, katika nchi ambayo leo ni Uturuki.

Bwana huyu alizaliwa Tangier, Moroko, mwaka 1304, katika ukoo wa makadhi. Alitoka kwenda kuhiji mwaka 1325, akarudi Moroko baada ya miaka 24.

Huko Antalya alijiwa na mtu mwenye nguo kuukuu, asemaye Kituruki. Sheikh mmoja akamfasiria kwamba anaalikwa chakula, yeye na wenzake. Alikubali, lakini mtu yule alipoondoka alimhurumia; alimwona fukara, atawalishaje wageni? Sheikh akacheka. Kumbe yule ni mshona viatu, na mafundi wapatao 200 wa kazi mbalimbali walikuwa wamemchagua awe mkubwa wao, yaani Akhi. Walijenga zawiya ya kupokea wageni, na kila alasiri walileta humo chumo lao la siku, kikanunuliwa chakula.

Baada ya maghribi akapelekwa. Alikuta ukumbi uliotandikwa mazulia mazuri, taa nyingi za kioo cha Iraki, na vinara vitano vya shaba vya miguu mitatu, vikiwaka kwa mafuta ya wanyama. Kando palikuwa na mkasi wa kukatia tambi. (Kitabu chake kilimalizika kuandikwa mwaka 1355, naye hakuusahau mkasi!) Vijana walisimama safu safu, kila mmoja na kisu kiunoni, na katikati ya ukumbi palikuwa na mahali palipoinuliwa pa kuketi wageni. Wakala, pakaimbwa na kuchezwa.

Visu vile alikuja kuviogopa mji wa Ladhik. Watu waliwashika farasi wa msafara wake, wengine wakaja kuwazuia, visu vikachomolewa. Akadhani ni wanyang'anyi. Mtu mmoja ajuaye Kiarabu akamweleza kwamba ni vyama viwili vya mafundi vinavyogombea kumkaribisha. Ikapigwa kura, ikawaangukia watu wa Akhi Sinan. Wakampeleka kwenye zawiya yao, wakamlisha, kisha hamamuni, na Akhi mwenyewe akamhudumia.