John Boyd Orr, Tabibu Aliyepima Sahani Kabla ya Dawa

Mtu akishuka Ruiru au Thika siku ya mshahara, hakosi kuona maduka ya dawa yaliyojaa chupa za vitamini na madini: za damu, za mifupa, za nguvu. Mama mwenye watoto watatu husimama hapo akajiuliza: anunue chupa, au anunue maharagwe na maziwa? Swali hili si geni. Karibu miaka mia iliyopita lilimshughulisha tabibu mmoja wa Kiskoti, na jibu alilitafuta katika nchi hiyo hiyo ya Wakikuyu.

John Boyd Orr alizaliwa mwaka 1880 katika kijiji cha Kilmaurs. Alipokuwa mwalimu kijana alipelekwa kusomesha katika mitaa ya mafukara mjini Glasgow, akakuta watoto wenye njaa ambao somo haliwaingii. Baadaye akasomea uganga. Katika Vita Vikuu vya Kwanza alikuwa daktari wa jeshi, na alipoona posho haitoshi aliwaongezea askari mboga zilizochumwa bustanini na mashambani, nao wakabaki na siha.

Vita vilipokwisha aliongoza chuo cha uchunguzi cha Rowett, Aberdeen, akichunguza madini yaliyomo katika malisho ya wanyama. Kisha akawageukia wanadamu. Mwaka 1931, yeye na Dakta Gilks wa idara ya uganga ya Kenya walitoa taarifa juu ya Wamasai na Wakikuyu. Mmasai, mla maziwa, nyama na damu, alimzidi Mkikuyu, mla nafaka na viazi, kwa inchi 5 za kimo na ratili 23 za uzito. Wanawake wa Kikuyu walikula majani mabichi yenye kalisi ambayo wanaume hawakuyajali.

Lakini taarifa hiyo ilikuwa na doa. Ilitazama chungu, haikuitazama vya kutosha ardhi. Mashamba mengi ya Thika na Ruiru yalikuwa yamekwisha kuwa ya kahawa na katani za walowezi. Asiye na malisho atapata wapi maziwa?

Pia elimu ya madini yenyewe ilikuwa changa. Ng'ombe wa upande wa Nakuru walipodhoofu, ilidhaniwa wamepungukiwa na chuma. Baadaye ikabainika kuwa ni kobalti.

Orr mwenyewe alijifunza. Mwaka 1936 alionyesha kuwa Waingereza wengi walikosa chakula bora kwa sababu ya umaskini. Mwaka 1945 akawa mkuu wa kwanza wa shirika la chakula la Umoja wa Mataifa, na mwaka 1949 akapata tuzo ya Nobel ya amani, ambayo fedha zake alizitoa kwa kazi ya amani. Alifariki mwaka 1971, umri wake miaka 90.

Basi yule mama wa Ruiru afanyeje? Akiwa mja mzito, ameze vidonge vya chuma na asidi ya foliki anavyopewa kliniki. Mtoto mchanga akitimiza miezi sita, apelekwe apate matone ya vitamini A. Chumvi ya dukani tayari ina madini ya joto. Yaliyosalia, apimwe damu kwanza, maana chuma kikizidi mwilini hudhuru. Asiyepungukiwa na kitu, fedha yake na iende sokoni, ikarudi na mchicha, maharagwe na dagaa. Mwenye kupungukiwa hana budi ajue kwanza amepungukiwa na nini.